Kiberenge Ndani ya Plastiki

Baba mpendwa,

Neno "mpendwa" nimeliandika mara tatu na kulifuta mara mbili. Nimeliacha kwa sababu ulinifundisha kwamba barua huanza kwa heshima hata kama inakwenda kumuumiza mtu. Hii inakwenda kukuumiza. Kama marehemu hawaumii, basi itaniumiza mimi peke yangu, na hilo nimelizoea.

Ninaiandika wazi, isomwe na wote waliojaa kwenye ukumbi wa kanisa pale Thamesmead, London, siku ya msiba wako. Wao ndio niliowadanganya. Nilisimama mbele yao na karatasi mkononi, nikasema, "Baba hakuacha gari wala nyumba, lakini ameacha hazina ambayo kila mwaka inaongezeka." Walipiga makofi, msibani. Mzee Kalinga, mwenzako wa kwaya, alinishika bega akasema, "Mwenzetu aliona mbali. Sisi tulinunua makochi, yeye akanunua kadi." Wiki iliyopita Mzee Kalinga alinipigia simu. Naye ameanza kukusanya kadi za wachezaji wa zamani, na anataka nimtafutie mashine ya kuzitia plastiki kama ile yako. Nilimwambia mtandao unakatikakatika, nikakata. Leo nimekaa chini kuandika.

Kwa wasioijua kazi hii, kadi ninazozisema ni vipande vya karatasi ngumu, vidogo kuliko kiganja, vyenye picha ya mchezaji wa mpira mbele na maelezo yake nyuma. Vilikuwa vikitiwa ndani ya pakiti za peremende na za majani ya chai ili watoto wawasumbue wazazi wanunue nyingine. Watoto walivikunja, wakavibandika ukutani, wakavichezea kamari shuleni. Vilivyobaki safi ni vichache, na ndivyo vinavyopanda bei, hasa vya mchezaji aliyekuja kuwa gwiji, na zaidi ya vyote kadi ya msimu wake wa kwanza, iliyochapwa kabla mtu yeyote hajajua kwamba atakuwa nani.

Unaikumbuka ile Jumapili ya gulio? Watu wameegesha magari uwanjani, wamefungua buti na kutandaza vyombo vyao kwenye mvua nyepesi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Bibi mmoja wa Kizungu alikuwa anauza maboksi ya mumewe aliyefariki, na ndani ya boksi la viatu, chini ya soksi, wewe ukamwona Kiberenge. Hilo halikuwa jina lake halisi. Wachezaji wako wote uliwabatiza upya, na huyu ulimwita Kiberenge kwa sababu alikimbia pembeni mwa uwanja kama kile kigari cha mafundi wa reli, mgongo umeinama, haachi mstari. Ulikuwa ukimsikiliza redioni ukiwa mtoto kule Mafinga. Hapo kwenye kadi alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, masikio makubwa, shati limempwaya. Ulimpa bibi yule noti moja na hukungoja chenji. Ulitembea haraka mpaka kwenye kituo cha basi, mimi nakimbia nyuma yako, kisha ukacheka peke yako kama mtu aliyetoroka jela.

Nyumbani ulimwekea Mama kadi ile mezani. "Mama Tumaini, hii ni nyumba ya Mafinga."

"Hii?" Mama akaigeuza kwa ncha ya kidole. "Haina hata mlango."

Lakini alikuamini. Wiki ile ile ulimtoa kwenye upatu wa akina mama wa kanisani. Ulimwambia upatu ni wa watu wasiojua kungoja. Mama akaendelea kuwatunza wazee wa watu, kuwanyanyua vitandani na kuwaogesha, na magoti yake yakaanza kulia kama bawaba. Kila alipolalamika ulimfungulia albamu. "Miaka kumi tu. Tazama masikio ya huyu kijana. Hayo ndiyo mabati yako."

Ulikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hujawa mfagiaji wa maduka ya Stratford, na ualimu ulibaki nyumbani. Kila Jumamosi imla ya Kiswahili, kisha somo la kadi. Uliifungua albamu, nami nikataja: nani, timu gani, msimu gani, kwa nini itapanda. Mikono mgongoni. Nikikosea, rula. Ninakushukuru kwa Kiswahili hiki ninachokuandikia, na ninakuambia bila kupamba kwamba mpaka leo nikisikia ukurasa wa albamu ukifunguliwa kazini, vidole vyangu vinajikunja vyenyewe.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilimgusa Kiberenge. Nilikuwa nimekula mhogo wa kukaanga. Nilitaka tu kuona maelezo ya nyuma, kwa kuwa hukuwahi kunigeuzia. Doa la mafuta lilibaki kwenye kona, dogo kama punje ya mtama. Siku hiyo walikuwapo wageni, akina Kalinga, mnaangalia mpira. Ulinisimamisha ukutani mikono juu mpaka mechi ilipokwisha, pamoja na dakika za nyongeza. Kila goli lilipoingia uligeuka ukaniuliza, "Umeona, au mafuta yamekuingia machoni?" Wageni walicheka, kwanza kwa adabu, baadaye kwa moyo wote. Halafu ukawaonyesha viganja vyangu. "Itazameni mikono hii ya karani. Haitashika jembe, haitashika mpira. Itashika makaratasi ya watu, na kuyachafua."

Siku chache baadaye ukatangaza kwamba utazikinga kadi na vidole vyangu milele. Ungezipiga laminesheni.

Sikulaumu kwa wazo hilo. Kwetu kitu cha thamani hutiwa ndani ya plastiki ya moto. Cheti chako cha ualimu, cheti changu cha ubatizo, picha ya harusi yenu, hata kadi ya kliniki ya Mama alipokuwa na mimba yangu, vyote vilipita kwenye mashine na vyote viling'aa kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi. Hakuna familia tunayoijua isiyofanya hivyo. Mvua, mchwa, mende, watoto: plastiki iliwashinda wote. Nani angekuambia kwamba kuna karatasi inayouawa na plastiki?

Mimi ningekuambia. Jumatano ya wiki ile nilikuwa maktaba ya mtaani, kwenye kompyuta, natafuta namna ya kuondoa doa la mafuta. Nikakuta watu wanaokusanya kadi wanaonyana kwa herufi kubwa: usiipige laminesheni kadi ya zamani. Joto huyeyusha gundi, gundi huingia kwenye wino, na baada ya hapo hakuna fundi duniani awezaye kuitoa. Kadi iliyopikwa hivyo, kwao, imekufa. Nilisoma mara mbili. Nilichapisha ukurasa ule, nikaukunja na kuuweka kwenye soksi.

Ijumaa ulileta mashine. Uliniweka mezani kuwa msaidizi wako: kazi yangu ilikuwa kuinyoosha kila kadi ndani ya mfuko wake wa plastiki, isipinde, na yako ilikuwa kuilisha mashine. Nilisema, "Baba, nilisoma kwamba..." Ukasema, "Nyamaza, utazipumulia." Nikanyamaza. Kadi mia moja na arobaini, Baba. Nilikuwa na nafasi mia moja na arobaini za kusema. Kiberenge ulimweka wa mwisho, kama bibi harusi.

Miaka kumi na mmoja nimekuwa nikijiambia kwamba niliogopa. Ni kweli, niliogopa. Wewe ulinijua, hata mlango ukigongwa naogopa. Lakini nimeahidi kusema yote. Masikio yale makubwa yalipoingia mdomoni mwa mashine, pamoja na hofu kulikuwa na kitu kingine kifuani mwangu, kidogo na cha moto, na kilikuwa kitamu.

Baadaye nikawa karani, kama ulivyotabiri, tena katika nyumba ya mnada katikati ya London. Ninaandika namba za vitu, ninafunga bahasha, ninapokea wateja. Bosi wangu hajui Kiswahili. Nisingethubutu kuandika haya kama angekuwa anakijua. Ulipouliza kama tunauza kadi nilikuambia idara hiyo hainihusu. Ilikuwa mita sita kutoka kwenye meza yangu. Nimeziona kadi zinazouzwa kwa bei ya nyumba. Nimejifunza kwamba nyingi kati ya hizo ni zile ambazo hakuna aliyezipenda. Zilisahauliwa gizani ndani ya kitabu, hazikuonyeshwa wageni, hazikuombewa. Mthamini huzitazama kona kwa kioo, na kona ikiwa imeviringika hujua mara moja kwamba hapa palikuwa na mtu aliyependa. Hiyo hupunguza bei.

Siku ya kuthaminisha bure, watu wanapoleta vitu vyao vikadiriwe bei, ulikuja bila kuniambia. Ulivaa suti ya mazishi na tai ya kwaya, albamu ukiwa umeibeba kwenye mfuko wa duka. Nilikuwa nimekaa mlangoni naandika majina. Ulinikonyeza. Ulitaka niwe wa kwanza kuona. Nilikutazama kama ninavyowatazama wateja wote na kukuuliza, kwa Kiingereza, jina lako nani. Ulidhani ni mchezo. Ulilitaja taratibu, kwa sauti ya darasani: Elias Mgaya. Kitambulisho changu cha kazini kinasema Tumaini Elias, bila Mgaya, kwa hiyo hakuna aliyeinua kichwa.

Mthamini wetu ana sauti ya upole. Aliifungua albamu, akageuza kurasa mbili tatu. Kisha akawaita wenzake wawili. "Njooni mwone. Kuna mtu amewapika wote."

"Hata huyu?" mmoja akauliza, akimwinua Kiberenge kwenye mwanga. "Msimu wa kwanza? Mungu wangu. Hata huyu."

"Angalau haiwezi kulowa," akasema yule mwenye sauti ya upole, na akaweka kikombe chake cha chai juu ya Kiberenge. Walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Walicheka kama mnavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya babake. Nawe ulicheka pamoja nao, ukidhani bado hamjafika kwenye jambo lenyewe.

Wakati huo mthamini akaniita. "Tumaini, mzee naona hajaelewa. Wewe si unatoka huko huko? Mweleze kwa lugha yenu."

Nilisimama. Watu kama ishirini walikuwa kwenye foleni. Nilisema, "Samahani, lugha yake siijui."

Ulinitazama kwa muda ambao mtoto hupewa kufikiri kwenye imla. Halafu ukamwambia mthamini, kwa Kiingereza chako safi cha chuo cha ualimu, "Hakuna haja ya mkalimani, bwana. Nimeelewa." Ukakiinua kikombe, ukakisogeza pembeni, ukaifuta ile duara ya chai kwa leso. Na bado, Baba, bado ukamuuliza kwa adabu, "Kwa hiyo, kwa maoni yako, tungoje kama miaka mingapi?"

"Ngoja upendavyo, mzee," akasema. "Ngoja tu."

Jioni ile Mama alipakua wali na nyama. "Haya, wamesemaje?"

"Wamesema tusiharakishe," ukajibu. "Bado inapanda."

Mama alinigeukia, kwa kuwa mimi ndiye wa huko kwenye mnada. "Ni kweli, mwanangu?"

"Kweli, Mama. Inapanda."

Ulinisogezea bakuli la nyama kabla hujajipakulia. Hukuwahi kufanya hivyo maishani. Mpaka leo sijui kama ulikuwa unanishukuru au unanilisha aibu yangu niimalize yote. Tuliishi wiki kumi na moja zaidi chini ya dari moja na hatukuizungumzia siku ile. Kisha moyo wako ukasimama kwenye ngazi za stesheni, ukienda kazini, na nikaitwa kwenda kuutambua mwili. Waliniuliza, "Unamfahamu huyu?" Safari hiyo nilisema ndiyo. Haikukufaa kitu.

Sasa nikueleze kwa nini nimeshindwa kuendelea kunyamaza. Msiba ulipokwisha, Mama alianza kufungasha. Dada yake kule Mafinga ameshatafuta fundi wa kujenga nyumba. Mwezi uliopita Mama aliniletea barua yake ya kuacha kazi nimsahihishie Kiingereza. Nami nikasahihisha. Nilitia koma mahali pake, nikaondoa neno lililorudiwa, nikamrudishia. Alikuwa aikabidhi Ijumaa, leo. Ni mwanamke wa miaka sitini na mbili asiyeweza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Akiitoa barua ile, hakuna atakayemwajiri tena, na kilicho upande wa pili ni albamu ya plastiki. Nilihesabu siku. Kila siku niliamka nikisema leo, na kila siku nilimkuta anaimba.

Leo alfajiri nilimkuta jikoni, amevaa sare ya kazi, bahasha iko kando ya kikombe. Nilisema nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaomba chai na kunyamaza.

"Mama, kadi hazina thamani."

"Kadi zipi?"

"Zote. Ile plastiki iliziua. Siku Baba alipokwenda walimcheka. Nilikuwepo."

Hakushtuka. Alikizungusha kikombe kwenye sahani yake. "Si ulisema zinapanda?"

"Nilisema uongo."

"Basi alikosea, marehemu," akasema taratibu. "Hakujua. Angejuaje, maskini. Nani alikuwa anajua mambo hayo?"

Hapo palikuwa na mlango, Baba, umefunguliwa wazi, na ningeweza kutoka mzima. Ningebaki mtoto wa baba aliyekosea. Wewe ungeubeba mzigo wote, nawe huna tena mgongo wa kuumia.

"Mimi nilijua," nikasema. "Nilisoma maktaba, kabla hajazipitisha. Nilinyamaza."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

"Kumi na minne unajua kusoma," akasema Mama. "Kumi na minne unajua kusema. Kila nilipomnyanyua mzee wa watu nikasikia goti linapasuka, nilikuwa nasema moyoni, mume wangu ametuwekea. Miaka kumi na mmoja nalisema hilo. Na wewe unanitazama nakwenda. Unanitazama narudi. Baba yako alikuwa mjinga, Mungu amrehemu. Wewe ulikuwa na akili. Nani kati yenu aliyenitenda?"

"Mimi, Mama."

"Eh."

Alichukua bahasha, akaipasua katikati, akavitia vipande kwenye pipa la maganda. Hakulia wala hakunipiga. Ningelipa chochote anipige. Alitazama saa ya ukutani, kisha akanyoosha miguu yote miwili mbele yake kama mtoto.

"Nifunge viatu," akasema. "Leo siwezi kuinama, na basi halinisubiri."

Nilipiga magoti nikamfunga. Hakuniita mwanangu. Aliegemea kichwa changu ili asimame, akakibonyeza kwa uzito wake wote, akatoka.

Mzee Kalinga, kama unasoma, usiitafute tena mashine ile. Acha kadi zako zilivyo, uziweke gizani, na kama una mtoto anayetaka kukuambia jambo, mwache aseme hata kama atazipumulia.

Nawe, Baba, sikuombi msamaha, kwa kuwa ninajua ungenipa mbele ya wageni, kwa mzaha. Na sijui kukusamehe. Nilichonacho ni kazi: kesho saa kumi na moja kamili nitakuwa jikoni, nimepiga magoti, na keshokutwa pia, mpaka Mama atakaposema inatosha, au mpaka atakapokufuata huko uliko. Akifika, muulize mwenyewe kama ilitosha.

Kaa kwa amani, kama huko ipo.

Mwanao,
Tumaini